Nyama Irudi Wamaza

Djamila, mtoto wa dada yangu, alinikuta nimeinama juu ya tairi mahali ninapotengeneza kinga, yaani baiskeli za watu, karibu na soko la Kasongo. Alikuwa amebeba glasiere ya bluu, lile sanduku la kuwekea vitu vya baridi. Mtu asiyetaka kitu hatembei na glasiere, kwa hiyo sikusimama.

"Salam aleikum, mujomba."

"Aleikum salam. Samaki iko wapi?"

"Samaki gani?"

"Ya kuweka mu glasiere."

"Haiko ya samaki, mujomba. Iko ya nyama."

"Nyama ya nini?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwaga maji ya ndoo yangu ya kutafutia matundu ya chemba, ile mipira ya ndani ya tairi, akaigeuza na kuikalia bila kuomba ruhusa. "Ya watu," akasema.

Wateja wawili waliokuwa wanangojea kinga zao wakasogea karibu. Kasongo ni hivyo. Ukitaka siri, nenda ukaiseme katikati ya mto Lualaba.

Djamila alisomea udaktari kwetu, kisha miaka mitatu alikuwa anaendelea na masomo Ulaya. Sasa alitaka vinundu kumi vya upofu wa mto. Ugonjwa huo unaletwa na inzi weusi wadogo wanaouma watu kando ya maji yanayokwenda kasi. Minyoo myembamba kama uzi inajikunja chini ya ngozi, inafanya kinundu kigumu kama punje ya maharagwe, mara nyingi kwenye nyonga. Watoto wa minyoo hiyo wanatembea mwilini, ngozi inawasha, inalegea kama ya mzee wa miaka mia, na wakifika machoni, basi. Wamaza hakuna familia isiyoijua habari hiyo. Dawa ipo. Inakuja mara moja kwa mwaka pamoja na fimbo ya kukupima urefu ili wajue wakupe vidonge vingapi. Lakini mwaka ambao barabara imekatika haifiki, na miaka iliyofika mimi nilikuwa nimekasirika, sikuimeza. Nilikuwa na kinundu changu mwenyewe kwenye nyonga ya kushoto, kwa miaka kumi na moja. Nikioga nilikuwa nakisalimia.

"Na hiyo nyama itaenda wapi?" nikamuuliza.

Akakohoa. "Ubelgiji."

Hapo nilisimama.

"Ubelgiji! Babu yangu alichapwa hapa hapa Kasongo kwa sababu shamba lake la pamba lilikuwa na majani. Pamba yao, si ya babu! Mpira walibeba, pembe walibeba, dhahabu walibeba. Walipotafuta kitu kingine wakaona tumebaki na nini? Matako!"

"Nyonga, mujomba."

"Matako!"

Wateja walicheka mpaka mmoja akashika mti wa kibanda changu. Mimi sikucheka. Na watu wasifikiri ninawalaumu Wazungu tu. Wazee wetu wenyewe wa Kasongo, waliovaa kanzu na kujenga huu mji, walifunga watu kamba na kuwapeleka sokoni. Hilo pia silisahau, ingawa nikilitaja msikitini watu wanaanza kutafuta viatu vyao.

Lakini hasira yangu ya kweli ilikuwa ya karibu zaidi. Mwaka wa 1989 gari jeupe lilifika Wamaza, kijijini kwa mama. Watu waliovaa koti walipanga kina mama mstari, wakamkata kila mmoja kipande kidogo cha ngozi ya nyonga, kidogo kama ukucha wa mtoto. Mama alipewa karatasi yenye namba 47. Wakasema majibu yatakuja. Mama aliiweka karatasi ndani ya kopo la maziwa, na kila aliposikia injini alikuwa anatoka nje. Mwaka wa 1993 hakuweza tena kutofautisha mchana na usiku, lakini bado alikuwa anatoka, anauliza, "Kamaldine, ni wao?" Ilikuwa lori la chumvi. Ilikuwa padri. Ilikuwa askari. Alikufa mwaka wa 2001, na karatasi bado ninayo.

Ndiyo maana nilizunguka Wamaza na vijiji vya jirani miaka yote hiyo, kwenye matanga, kwenye harusi, mbele ya msikiti na mbele ya kanisa, nikisema: msimpe mtu ngozi yenu tena. Niliandika barua kwa kila mwenye ofisi mpaka Kabambare. Hakuna aliyejibu, lakini watu walinisikia. Tangu siku hiyo hakuna kipande kilichotoka Wamaza. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya duniani, ukiacha kinga.

"Infirmier Théophile alinifukuza vizuri," Djamila akasema. Huyo Théophile ndiye muuguzi anayeshika kituo cha afya cha Wamaza. "Aliniambia, bila neno la Kamaldine hautapata hata ukucha hapa. Mujomba, ndege iko Alhamisi. Leo iko Jumatatu. Nyama ikikaa zaidi ya siku tano inaoza, na mwaka wangu wa mwisho unaisha. Nikirudi mikono mitupu, kazi yote ya miaka mitatu inakufa."

"Wataipika?"

"Wataigusa."

"Kugusa tu? Wavuke bahari kwa kugusa?"

Akachukua chelewa moja ya ufagio wangu. "Angalia. Mashine iko na kibao kidogo, chembamba kuliko unywele. Kwa ncha yake kuna sindano ambayo macho haiwezi kuiona. Sindano inashuka inagusa nyama, inabonyeza kidogo, inapanda. Inasogea kidogo, inagusa tena. Mara elfu. Nyama ikiwa ngumu, kibao kinapinda hivi." Akaibonyeza chelewa juu ya kiti cha kinga, ikapinda. Kisha akaibonyeza juu ya shavu lake, ikapinda kidogo tu. "Ikiwa laini, sindano inazama. Mwangaza wa laser unapiga mgongo wa kibao, unatuambia kimepinda kiasi gani. Ndiyo tunajua kila mahali padogo pana ugumu gani, mahali pagonjwa na mahali pazima."

"Na hicho kitu kinaitwa nani?"

"Mikroskope ya nguvu za atomu."

"Jina kubwa kwa kazi ya kidole gumba."

"Kumbe?"

Nilimwonyesha. Nilifunga macho, mteja mmoja akaniletea gurudumu moja baada ya lingine. "Hii imejaa. Hii imejazwa na mvivu. Hii ina tundu, kesho saa nne itakuwa chini."

"Umejuaje kama ina tundu? Haijashuka bado."

"Inakubali kidole upesi mno."

Djamila akapiga makofi. "Mujomba, ndiyo hiyo! Ngozi inaharibika kabla ya jicho kuona, na kidole cha daktari ni kinene, hakisikii. Mimi natafuta tundu kabla tairi haijashuka."

Mtu akikuelezea jambo lake kwa kazi yako mwenyewe, anakuwa amekuibia nusu ya hasira. Nusu iliyobaki ilitosha. Nilichukua karnet, daftari langu dogo, na kalamu, nikamwandikisha masharti. Majibu yasomwe Wamaza, kwa sauti, mbele ya watu, na yasifichwe kwenye ofisi yoyote. Namba yangu nitaichagua mimi. Na nyama irudi. Kwetu kinachokatwa mwilini kinazikwa, hata kucha, hata nywele. Mtu hazikwi nusu Wamaza, nusu Ubelgiji.

"Inaweza kurudi?" nikauliza.

"Sindano haili, mujomba. Inagusa. Itarudi."

"Andika."

Akaandika, akatia sahihi, na mimi nikamlazimisha atie dole gumba pia, kwa grisi ya cheni.

Jumanne tulipanda pikipiki mbili mpaka Wamaza. Nilifika nimejaa tope mpaka kwenye kofia, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kituoni, kwa sababu Théophile hajui kunyamaza. Nilieleza mambo yote, tangu gari jeupe mpaka chelewa ya ufagio. Kisha akasimama Pascaline, mkulima wa mihogo, Mkristo wa upande wa mto, mama anayeweza kumnyamazisha mbuzi.

"Kamaldine! Miaka thelathini unatuchosha: musitoe ngozi, musitoe ngozi. Mutoto wangu alitaka kukata nywele Kasongo, nikamukataza kwa ajili yako! Leo unakuja na glasiere?"

Wakacheka wote, na mimi nilistahili.

"Niliwaambia musimpe mutu asiyerudi," nikasema. "Huyu ni mjukuu wa Namba 47. Mnamjua nyanya yake, mnajua kaburi lake liko wapi. Akikosa kurudi, tutajua mahali pa kumuulizia. Na nyama inarudi. Imeandikwa."

"Inarudi kufanya nini?"

"Kuzikwa."

"Sisi hatuzikake kucha," Pascaline akasema, akafikiri. "Lakini kama ya Waislamu inarudi, na ya kwangu irudi. Siwezi kubaki Ulaya peke yangu. Théophile, leta huo wembe!"

Théophile alikata kumi Jumatano asubuhi, kwa sindano ya ganzi na mkono mwepesi. Changu kilitoka kama punje ya karanga iliyochemshwa. Nilikiangalia ndani ya kichupa chake chenye maji maalum. Hawakutia formol, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kwa sababu formol inaikaza nyama yote na sindano ingepima formol badala ya ugonjwa. Juu ya kichupa nilimwambia Djamila aandike 47. Hakuuliza kwa nini.

Tulirudi Kasongo, na Alhamisi asubuhi Djamila aliacha glasiere nyumbani kwangu, akaenda kwenye ofisi ya zoni ya afya kuchukua karatasi na barafu mpya. Mimi nilikwenda kumalizia kinga ya watu. Nyumbani alibaki Amisa, mke wangu.

Lazima niseme juu ya Amisa. Mtaani kwetu mwanamke akifa, yeye ndiye anayeitwa kumwosha. Chumbani kwake chupa ya kafuri haikosekani, na pamba, na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Anaifanya kazi hiyo kwa upole mkubwa, na hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeondoka duniani na kucha chafu.

Tuliporudi alikuwa anatusubiri mlangoni, ametulia kama mtu aliyefanya jema.

"Nimeifungua hiyo glasiere," akasema. "Nikaona nyama ya mume wangu inaelea ndani ya maji kama dagaa. Nikaona huruma. Kipande cha Mwislamu kinasafirije hivyo? Nimekiosha."

Djamila aliweka barafu chini. "Umekiosha na nini, mama?"

"Maji. Mara tatu. Ya mwisho na kafuri. Kisha nimekivisha pamba na kitambaa, nimekirudisha mahali pake. Dua pia nimesoma."

"Na vingine?"

"Vingine vina wake zao."

Djamila alikifungua kitambaa. Pamba ilikuwa imekunywa maji yote. Karanga yangu ilikuwa imekauka, imejikunja, inanukia vizuri sana. Tulitazamana, tukacheka, halafu Djamila akaacha kucheka.

"Sindano itapima kafuri," akasema. "Na ukavu. Mama, haukujua, mimi ndiye sikukuambia. Si kitu. Tisa zinatosha." Akatoa daftari lake. "Nitaandika tu: 47 imepotea."

Sijui nieleze vipi. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Lakini nililiona lile gari jeupe na yale makoti, na mahali fulani mtu mstaarabu anaandika kwa mwandiko mzuri: 47 imepotea. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda hakukuwa na adui hata mmoja, alikuwapo tu mtu mwenye haraka na kalamu.

"Hauandiki hivyo," nikasema.

"Mujomba, hauna kinundu kingine."

"Nina ngozi."

Akafunga daftari. Kisha akasema polepole, "Ngozi ya pembeni ya kidonda ingefaa. Kusema kweli nilitaka ngozi ya kila mtu, nikaogopa kukuomba. Ni kile kipande kidogo. Kile kile cha nyanya."

Kile kile. Nimekaa miaka thelathini na nne nikiapa kwamba hakuna mtu atakayekichukua tena, na sasa ndege ilikuwa ya saa sita na nilikuwa nafungua mkanda wa suruali sebuleni kwangu. Nililala kifudifudi juu ya mkeka. Amisa alinishika mkono.

"Usitie kafuri," nikamwambia.

"Nyamaza wewe, haujafa."

Kiliuma kama siafu mmoja. Hicho tu. Miaka yote nilifikiri mama alivumilia jambo kubwa. Kilichomuumiza mama ni yale yaliyofuata.

Djamila alikata vipande viwili. Kimoja alikitia kwenye kichupa cha 47 chenye maji mapya. Kingine alikiweka ndani ya tone la maji ya chumvi, akakifunika.

"Hiki kinabaki Kasongo. Kina kazi nyingine, ya zamani. Kama uko na minyoo midogo, itatoka yenyewe kuogelea. Mikroskope ya kawaida inatosha." Akakipeleka kwa mtu wa maabara ya mji, akamwomba amsaidie.

Ndege ilichelewa, kama ndege. Nilikuwa nimekaa naye pembeni ya uwanja, kwenye kivuli cha ukuta, glasiere katikati yetu, wakati simu yake ilipolia. Alisikiliza, akasema "merci", akanigeukia.

"Minyoo iko minne, mujomba. Inaogelea vizuri kabisa. Dawa iko kwa zoni, nimewaambia wakupe. Utaimeza mbele ya Mama Amisa, na mwaka ujao tena, na mwaka unaofuata. Hata ukiwa umekasirika."

Nilitazama saa. Tangu nivue suruali ilikuwa imepita saa tatu na nusu.

Saa tatu na nusu! Na kifaa cha kawaida, na tone la maji ya chumvi, na kijana mmoja wa maabara aliyekuwa anakula muhogo. Mama alingojea miaka kumi na miwili. Nilitaka kumpigia kelele mtu, lakini kwenye uwanja kulikuwa na Djamila tu, na mbuzi, na mtu wa kufukuza mbuzi. Kwa hiyo nikampigia kelele mtu wa mbuzi. Alinivumilia vizuri. Baadaye nilimtengenezea kinga yake bure.

Miezi saba ilipita. Nilimeza dawa. Kila nilipomaliza kazi niliangalia karnet, pale penye dole gumba la grisi, na sitadanganya: nilikuwa nimeanza kuandika barua. Kisha asubuhi moja ndoo yangu ikageuzwa, na Djamila akaikalia, na glasiere ya bluu ikawekwa juu ya magoti yake.

"Samaki iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko humu. Yote kumi. Tulipomaliza kuipima tuliitia formol."

Siku iliyofuata tulikuwa Wamaza, mimi na yeye na Amisa. Djamila alisimama mbele ya kituo na kusoma namba moja moja, kwa sauti, kama ilivyoandikwa. Aliwaeleza kwamba sindano ilipita juu ya kila kipande, mahali padogo kuliko punje ya chumvi, ikabonyeza mara maelfu. Ukuta wa vinundu ulikuwa mgumu, ugumu uliopangika kama matabaka ya kitunguu. Ngozi yangu ilikuwa na mchanganyiko: hapa panazama, pale pamekaza, kama chemba iliyozibwa viraka mara nyingi. Na viraka vingine vilikuwa mahali ambapo jicho liliona ngozi nzima kabisa.

"Na ngumu kuliko zote ni ya nani?" Pascaline akauliza.

Djamila akatafuta. "Ya kwako, mama."

"Kuliko wanaume wote?"

"Kuliko wote. Mara mbili."

Pascaline akaruka, akacheza, akazunguka uwanja mzima akiwaonyesha wanaume nyonga yake. Théophile alisema hatalala vizuri tena.

Mimi niliuliza swali langu, kwa sababu lazima mtu aliulize. "Inatusaidia nini sasa?"

"Leo, hakuna," Djamila akajibu. "Watu kumi ni wachache, mujomba. Inaonyesha mahali pa kutafuta. Nitaomba tena, na mutaweza kukataa."

Miaka yote hiyo hakuna mtu wa koti aliyenijibu hivyo. Nilifungua karnet, nikapiga mstari juu ya masharti, moja, mbili. Lilibaki la tatu.

Tulichimba kashimo kadogo kando ya kaburi la mama. Wakristo walileta vyao pia, wakasema hawajui desturi lakini mahali ni pazuri. Nilitoa ile karatasi ya mwaka wa 1989 kwenye kopo la maziwa, nikaiweka chini kabisa. Kisha Djamila akanikabidhi kichupa cha 47, na ndani yake ngozi yangu, kidogo kama ukucha wa mtoto, imeguswa mara maelfu na haijapungua.

Amisa alisogea polepole. Chini ya kitenge chake alikuwa ameficha chupa. Akamtazama Djamila.

"Sasa naruhusiwa?"

"Sasa unaruhusiwa, mama."

Akafungua kafuri yake, akapiga magoti, akaanza na ya Pascaline.